Mpwa wangu wa miaka 13 anatishiwa kwa picha zake, mtu anataka pesa. Naanzia wapi?

Wakala wa Msamvu | Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba msinicheke, na mwenye hasira akae nazo kwanza, maana zangu mwenyewe zimenifika kooni.

Mimi ni wakala wa pesa kwa simu hapa Morogoro, kibanda changu hakiko mbali na stendi. Leo saa nane mchana, jua la kupasua utosi, mpwa wangu amekuja akiwa na sare za shule. Ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 13, yuko darasa la saba. Mkononi ana elfu kumi na tano: noti ya elfu tano, mbili za elfu mbili, iliyobaki yote sarafu. "Mjomba, niwekee hela kwenye namba hii, mwalimu wa tuisheni anatudai." Namba ameiandika kwa kalamu kiganjani.

Nikaiingiza. Likatoka jina la mwanamke, majina matatu kamili. Mwalimu wa tuisheni namjua, ni mwanamume mwenye ndevu, kila Jumamosi anakuja kutoa hela kwangu. Nikamtania mtoto, "Mwalimu wenu siku hizi anaitwa Mwanahawa?" Hakucheka. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo, akaniomba nimrudishie hela yake aende kwa wakala mwingine.

Nikafunga dirisha. Nikamnunulia soda, tukakaa nyuma ya kibanda kama nusu saa hatusemi kitu. Kisha akaanza.

Kuna hii gemu ya kupigana risasi ambayo watoto wote mtaani wanaicheza. Anaichezea kwenye simu ya mama yake jioni. Miezi miwili iliyopita mchezaji mmoja mwenye jina la kike akaanza kumpa zawadi za daimondi, zile za kununulia nguo za mchezaji. Akawa anamchagua timu moja naye kila siku. Akamsifia. Akamwomba namba wahamie WhatsApp, "huku chati inakwama". Huko akatuma picha ya msichana, akasema sasa zamu yako. Mtoto akatuma picha ambayo hakupaswa kutuma. Siandiki zaidi ya hapo.

Anasema hata dakika kumi hazikupita. Lugha ikabadilika. Akatumiwa orodha ya marafiki wa mama yake wa Facebook, na majina ya wanakwaya wenzake mama. "Usipotuma hela, wote hawa wataiona leo." Wiki iliyopita ametuma elfu kumi kupitia wakala mwingine, ameitoa kwenye kibubu cha mama yake. Sasa wanataka elfu hamsini hadi Ijumaa, na hiyo elfu kumi na tano ya leo ilikuwa ya kuonyesha nia.

Sasa wakuu, hapa ndipo nimekwama. Dada yangu nimemwambia jioni, amelia, kisha akasema tufute kila kitu, tuvunje laini, yaishe ndani, tusiuaibishe ukoo. Shemeji ni dereva wa lori la Tunduma, anarudi Alhamisi, na mkono wake ni mzito. Wakala mwenzangu ananiambia nitupe ile namba na lile jina kwenye grupu la mawakala wa mkoa, huyo mama aanikwe kila mtu amjue. Mimi mwenyewe natamani nipige ile namba nimtukane mpaka simu iyeyuke.

Simu iko kwenye droo yangu. Maneno ya chati nimeyasoma. Picha sijaifungua. Nifanye nini kesho asubuhi?

Baba Watatu | saa 3:58 usiku

Fimbo kwanza, maswali baadaye. Sisi tulilelewa bila simu na hatukufa. Mnyang'anye simu hadi amalize kidato cha nne. Mtoto wa darasa la saba anaiba hela ya mama yake halafu unamnunulia soda?

Mdukuzi Huru | saa 4:05 usiku

Mkuu njoo PM (ujumbe wa faragha), nina kijana anaingia kwenye simu ya huyo jamaa na kufuta picha zote. Elfu themanini tu.

Bi Ustawi Mstaafu | saa 4:31 usiku

Wakala, pole. Kabla ya yote: huyo hapo juu wa elfu themanini ni fisi wa pili. Picha ikishafika kwenye simu ya mtu hakuna wa kuingia huko akaifuta kwa malipo ya PM. Wanazungukia nyuzi kama hizi kwa sababu wanajua wazazi wamechanganyikiwa. Usimjibu.

Nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka 26, wilaya tatu. Baba Watatu, nakuheshimu, lakini hiyo fimbo yako ndiyo mtaji wa huyo mhalifu. Hebu soma tena alichoandika Wakala. Mtu yule hakumtishia mtoto kwa kisu. Kamtishia kwa mama yake, kwa kwaya, kwa baba yake. Anauza hofu ambayo nyumbani tayari ipo, yeye kaiokota tu. Siku mtoto akijua kwamba mjomba anajua, mama anajua, na hajapigwa, yule mtu anabaki na duka lisilo na bidhaa. Wakala, ile soda ndiyo hatua ya kwanza, na umeshaifanya.

Sasa usiku huu. Piga 116. Ni huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, mtandao wowote. Huna haja ya kuwa mzazi wala kuwa na ushahidi kamili. Eleza ulivyotueleza sisi. Wanaandika, wanakupa ushauri, na wanaunganisha na ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Mtoto akitaka kuongea nao mwenyewe, mpe simu, nawe toka nje kidogo.

Simu iliyo kwenye droo: usifute chochote, wala usiivunje laini. Najua dada yako anataka ardhi ipasuke imeze yote, mama yeyote angetaka hivyo. Lakini zile chati ndizo zinazoonyesha nani alianza, nani aliomba, nani alitishia. Zikifutwa linabaki neno la mtoto peke yake. Angalia kama yule mtu aliweka ujumbe wa kujifuta wenyewe, wengi huweka. Kwa hiyo leo leo chukua simu nyingine upige picha maneno: namba, jina la akaunti, tarehe, saa, vitisho, kiasi alichodai. Picha ya mtoto usiipige, usiinakili, usiitume popote, hata kwangu, hata kwa dada yako. Ibaki ilipo, polisi wataikuta kwenye simu. Na usibonyeze kuripoti au kumfungia ndani ya programu kabla ya hapo, kwa sababu ukimfungia kwa haraka unaweza kufuta mazungumzo yote kwa kidole kimoja.

Chukua daftari. Wewe ni wakala, hii unaijua kuliko mimi. Ile elfu kumi ilitumwa siku gani, saa ngapi, kwa wakala yupi, namba ya muamala ni ipi. Jina lililotoka leo. Mwulize mtoto namba ya kitambulisho cha yule mchezaji ndani ya gemu, siyo jina tu, maana jina linabadilishwa kila saa.

Hela usitume hata mia. Anayelipwa harudi nyuma, anapanda bei. Umeona mwenyewe: kumi, kumi na tano, hamsini. Kumpigia na kumtukana nako usifanye. Utampa nafasi ya kutupa laini kabla ya mtu kuifuata.

Kesho asubuhi nendeni polisi wewe, mama na mtoto, na mkifika kaunta mseme mnataka Dawati la Jinsia na Watoto. Semeni hivyo hivyo, kwa jina. Msianze kusimulia mbele ya foleni. Mtoto ahojiwe faraghani akiwa na mtu mzima anayemwamini. Msiondoke bila namba ya RB, ile ya kuonyesha kwamba taarifa yenu imeandikwa kituoni.

Hofu ambayo huenda unayo na hujaiandika: je, mtoto atashtakiwa kwa kuwa ndiye aliyetuma? Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na huyu hapa ndiye aliyetendewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inamlenga anayesambaza picha za namna hiyo za watoto: faini isiyopungua milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Na kifungu hicho hakiulizi kama uliyesambaza ulikuwa na nia nzuri. Ndiyo maana nasisitiza hiyo picha isitoke kwenye hiyo simu.

Shemeji yako aambiwe kabla hajafika nyumbani, na aambiwe na mtu anayemsikiliza. Msimpigie akiwa kwenye usukani, msije mkamwambia akiwa anashuka mlima Kitonga. Mpigie akilala Makambako.

Na leo mtoto asilale peke yake chumbani.

Wakala wa Msamvu | saa 5:02 usiku

Shikamoo mama. Nimepiga 116, amepokea dada mmoja, tumeongea kama dakika ishirini. Hakunihukumu hata kidogo. Mtoto amekataa kuongea leo, amesema kesho.

Hili la ujumbe wa kujifuta, mama, umeniokoa. Kweli aliweka wa saa 24. Nimepiga picha za maneno yote yaliyobaki, ya juzi yameshapotea. Kumbe dada angevunja laini tungebaki na nini.

Ila bado jina la yule mwanamke linaniwasha. Liko hapa, najua hata ni mtandao gani. Kwa nini nisiliweke kwenye grupu?

Bi Ustawi Mstaafu | saa 5:10 usiku

Marahaba mwanangu. Wewe mwenyewe umewahi kusajili laini za watu?

Wakala wa Msamvu | saa 5:19 usiku

Ah. Nimekuelewa.

Kwa wasioelewa: laini hapa kwetu inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama ya kidole. Lakini kuna vijana wa kusajili barabarani ambao bibi akija na kidole chake kusajili laini moja, wanamwambia "bibi haijasoma, weka tena", na kila kikisomwa ni laini nyingine inazaliwa kwa jina lake. Bibi anaondoka na moja, nyingine zinauzwa. Ndiyo maana kila mtu anatakiwa apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Kwa hiyo huyu Mwanahawa (siyo jina lake) anaweza kuwa mama anayeuza vitumbua mahali fulani na hajui hata gemu ni mnyama gani. Ningemtupa kwenye grupu la mawakala mia tatu, kesho angepigwa mawe.

Halafu hilo jina nimelipata kwa kazi yangu. Tangu ile sheria ya taarifa binafsi ya 2022 tunaambiwa kila siku taarifa za mteja si zetu. Kampuni ya simu itawapa polisi wakiomba. Mimi hainipi kitu.

Fundi wa Chake | Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Asalaam aleikum. Mimi ni fundi simu, Pemba. Nina miaka 23. Nilikuwa sitaki kuandika, nimelala nimeshindwa, nimeamka naandika.

Nikiwa na miaka 16 yalinikuta hayo hayo, ila kwangu haikuwa gemu, ilikuwa Facebook. Siku nne sikula. Kilichonifanya nisiongee hakikuwa aibu ya ile picha. Nilikuwa nasikia sauti ya baba kichwani, kila atakalosema, neno kwa neno, nimeshalisikia kabla hajalisema. Bibi yangu ndiye aliyeniona nazungukia kisima usiku. Hakuuliza nimefanya nini. Aliuliza, "Nani anakusumbua?" Hilo swali nimelibeba hadi leo. Mwambieni shemeji aanze na hilo.

Sasa la kazi. Wazazi huniletea simu wananiambia "fundi, futa kila kitu, rudisha kama mpya, mtoto ameona mambo mabaya". Zamani nilikuwa nafuta, nalipwa, basi. Siku hizi nauliza kwanza kuna mtu anamtishia? Wawili walinyamaza nikajua. Mafundi wenzangu, msiflashi simu ya namna hiyo. Na msiipekue.

Kuna kitu kinaitwa Take It Down, cha kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC. Kilianza 2023, ni bure na hakiulizi jina. Ukifungua takeitdown.ncmec.org kwenye simu yenye ile picha, unachagua picha, na simu yenyewe inaitengenezea namba ndefu, kama alama ya kidole ya picha hiyo. Picha haiondoki kwenye simu, inayokwenda ni namba peke yake. Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine iliyojiunga inaipokea hiyo namba, na mtu akijaribu kuipakia picha ile ile huko inaweza kunaswa. Wakala, usiifanye wewe. Akae mtoto mwenyewe aichague, wewe kaa pembeni utazame ukuta. Na waulizeni kwanza watu wa Dawati kama simu iguswe.

Nisikudanganye, kina mipaka. Mtu akiikata au kuibadilisha rangi picha, namba inaweza isilingane tena. Na ndani ya WhatsApp haifanyi kazi, kule mazungumzo yamefungwa na hakuna anayeona. Lakini yule mtu alitishia Facebook, na Facebook wamo.

Kuna pia shirika la Uingereza, IWF, ambalo lina ukurasa wa kuripoti kwa ajili ya Tanzania. Huo ni wa pale ambapo picha au video ya mtoto imeshawekwa kwenye tovuti, unawapa anwani ya ukurasa wanashughulikia iondolewe.

Mama wa Mapacha | saa 2:15 asubuhi

Wangu wawili wana miaka 11 na wanacheza gemu hiyo hiyo!! Nimeamka nimeifuta saa hii hii. Nimefanya vizuri?

Fundi wa Chake | saa 2:40 asubuhi

Dada, ukiifuta wataicheza kwenye simu ya jirani, na huko huoni kitu. Irudishe, kaa nao, waambie wakufundishe kucheza. Utapigwa risasi dakika ya kwanza, watafurahi sana, na hapo watakuonyesha wenyewe wanacheza na nani. Kisha ingia kwenye mipangilio uzime chati na sauti za wageni, wabaki na wale wanaojuana nao kwa sura. Kwenye Facebook yako ficha orodha ya marafiki. Ile ndiyo silaha aliyotumia yule mtu, hakudukua chochote, aliifungua tu ikawa wazi.

Na waambie hili moja: anayekupa daimondi na humjui, anakununua. Watoto wanalielewa haraka kuliko hotuba.

Mtu wa Likoni | saa 4:00 asubuhi

Salaam kutoka Mombasa. Poleni sana. Huku kwetu pia namba ni 116, na DCI (makachero wa polisi) wana kitengo chao cha ulinzi wa watoto, ofisi iko Nairobi na hapa Mombasa. Ukitaka kufichua bila kutaja jina kuna 0800 722 203, bure.

Nataka kuongeza kwa yule bibi wa ustawi, kuhusu kusambaza. Mwaka juzi klipu ya mtoto mmoja ilinifikia mara nne kwa siku moja. Mara nne! Grupu la familia, la msikiti, la chama, na la mtaa. Wote wameandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI SAMBAZA MZAZI WAKE APATIKANE. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu mbaya. Mzee mmoja niliyemwambia afute alinigombeza, "wewe hutaki mtoto asaidiwe?" Yule mtoto alipatikana, ndiyo. Alipatikana na shule nzima kabla ya mamake. Walihama. Kama unataka mtoto asaidiwe, andika umeiona wapi na nani ameituma, upige 116, halafu ufute. Usiipitishe.

Na msidhani hawa wanawafuata wasichana tu. Mwaka 2024 ndugu wawili wa Lagos walifungwa Marekani miaka 17 na nusu kila mmoja. Walikuwa wakijifanya msichana kwenye Instagram, wanawinda vijana wa kiume, picha kisha pesa. Mmoja wa waliowindwa alikuwa kijana wa miaka 17 wa Michigan. Alijiua Machi 2022, ni masaa tu tangu waanze kumtisha. Baba yake alikuwa mle mle nyumbani. Kwa hiyo pale yule bibi wa ustawi aliposema mtoto asilale peke yake, si maneno ya kupamba.

Baba Watatu | saa 4:22 asubuhi

Nimesoma yote. Wa kwangu wa pili ana miaka 14 na siku hizi simu anaigeuza kifudifudi nikiingia. Nitamwuliza kama alivyouliza yule bibi wa Pemba. Fimbo nimeiweka.

Wakala wa Msamvu | Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi wale walioniuliza PM.

Jumatano tulikwenda. Kituo sikitaji. Askari wa kaunta alitusikiliza nusu, akasema mambo ya watoto na simu nendeni mkayamalize nyumbani, hapa tuna wezi wa bodaboda. Dada yangu alishageuka kuondoka. Nikasema kama Bi Ustawi alivyonifundisha, "Tunaomba Dawati la Jinsia na Watoto," mara ya pili nikalisema kwa sauti kidogo. Akainua macho, akanyoosha kidole kwenye mlango wa pembeni. Kumbe ni hatua kumi tu.

Mle ndani alikuwepo askari wa kike, hana sare. Chumba kidogo, mlango unafungwa, kuna mdoli mmoja usio na mkono juu ya kabati. Akamwuliza mtoto, Simba au Yanga? Akasema Yanga. Yule dada akasema basi leo utanisamehe mimi ni Simba. Walizungumza mpira karibu robo saa. Mimi nilikuwa namhesabia dakika, natamani aandike, kumbe ndiyo alikuwa anafanya kazi. Mtoto alipoanza kusema alisema mwenyewe, hakuvutwa, na mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Huyo mtu alikuwa ameshamwuliza kama ana mdogo wake.

Daftari langu alilipenda. Namba za muamala, saa, namba ya mchezaji, vyote akanakili. Simu ya dada wamebaki nayo, tumeandikiana karatasi, RB tunayo. Nikamwuliza hili la Take It Down, akapiga simu kwanza kwa mwenzake, kisha akamruhusu mtoto afanye pale pale kabla hawajaichukua simu. Mimi nilitazama ukuta, Fundi. Una kalenda ya 2021.

Alhamisi asubuhi akapiga afisa ustawi wa wilaya, taarifa kutoka 116 ilikuwa imemfikia. Atakuwa anakutana na mtoto kila wiki kwa muda.

Shemeji. Nilimpigia Jumatano usiku, amelala Makambako. Nilimwambia yote, na nikamwambia tayari tumekwenda polisi, maana niliogopa angesema tusiende. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Anakula?" Nikasema kidogo. Akakata simu.

Alhamisi jioni lori limesimama barabarani, hajaenda nyumbani, amekuja kibandani kwanza. Akanunua vocha ya elfu moja ambayo hakuihitaji. Akasema, "Angeniambia mimi kwanza, ningempiga. Nakwambia ukweli." Nikamwambia najua, naye anajua, ndiyo maana alikuja kwangu na uongo wa tuisheni. Akakaa kwenye ndoo yangu ya maji muda mrefu. Alipokwenda nyumbani sikumfuata. Dada anasema alimkuta mtoto amejifanya amelala, akakaa pembeni ya kitanda na viatu vyake, akamwambia kesho twende wote tukaoshe lori. Walikwenda.

Zile elfu kumi na tano nilizirudisha kwenye kibubu pamoja na mtoto, sarafu moja moja. Bado elfu kumi. Anataka kunifagilia kibanda kila Jumamosi hadi iishe. Nimemwambia deni hilo si lake, hataki kusikia, basi anafagia.

Ijumaa waliyotishia ilipita. Kwenye kwaya hakuna aliyepokea kitu. Facebook tunaangalia kila siku, hatujaona. Ila jana saa nne usiku, laini ya dada ikiwa kwenye simu ya kuazima, ikaingia namba mpya: "unadhani nimesahau?" Dada aliileta kwangu asubuhi kabla ya ibada, hajamjibu, hajafuta. Nimeandika namba, tarehe na saa chini ya zile nyingine. Kesho nafungua kibanda saa tatu badala ya saa moja, napitia Dawati kwanza.